Maswali ya Wasomaji: Reale ya Bibi na Neno Moja la Khati

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, na mama amenikabidhi kasha lake. Ndani yake mna reale moja ya fedha yenye mwaka 1780, msahafu wa zamani wenye maandishi ya mkono katika ukurasa wa mwisho, na khati ya Kiarabu iliyokunjwa mara nne. Tumelelewa tukiambiwa kwamba babu yake bibi alikuwa Mwarabu aliyekuja na jahazi lake kutoka Maskati, na mjomba wangu husema reale ile ndiyo ushahidi kuwa tupo Pemba tangu 1780. Bibi mwenyewe, kila nikimuuliza, alikuwa na maneno yale yale: "Alivuka na jahazi baada ya upepo, akatua Wete hana kitu ila reale kiunoni." Khati nimempelekea maalim mmoja wa chuo. Ameniambia kuwa ni ya mwaka 1312, kwamba babu amenunua shamba lenye mikarafuu kumi na saba, na kwamba baada ya jina lake pana neno "khadim". Katika msahafu imeandikwa kuzaliwa kwa shangazi yake bibi, usiku wa Ijumaa, Mfunguo Sita, 1299. Tangu niitaje khati hiyo, mjomba hataki jambo hili liendelee. Nianzie wapi, na je, nina haki ya kuendelea?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako. Naanza na kitu ambacho hukukihesabu miongoni mwa vilivyomo kashani, nacho kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote, yaani yale maneno yake. Kwa kuwa kila ukimuuliza aliyarejea vile vile, yaelekea naye aliyapokea hivyo hivyo kwa mtu aliyemtangulia. Kabla hujagusa kitu kingine, chukua daftari uyaandike kama alivyoyatamka, bila ya kuyasahihisha, na chini yake uandike ni nani aliyesema, mlikuwa wapi, na yeye alisema ameyasikia kwa nani. Kisha mwendee mama yako na ndugu zake, kila mmoja peke yake, uwaombe wakuhadithie habari hiyo hiyo bila ya wewe kuwatangulizia neno lolote, kwa sababu ukishamwambia mtu mzima "si kweli kwamba alitoka Maskati?", atakujibu kwa adabu kuwa ni kweli, nawe hutajua tena lipi lake na lipi lako.

Nasema haya kwa uchungu, maana kosa hili nimelifanya mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba, wa Makunduchi, alikuwa akisema kwamba mama yake aliletwa kutoka Mrima. Mimi, kijana niliyetoka skuli na kalamu yangu, nikaandika "kutoka Tanganyika" nikidhani ninaliweka sawa. Mrima ni ile pwani inayotukabili, ya akina Saadani na Bagamoyo, na Tanganyika ni jina ambalo nchi nzima ilipewa mwaka 1920, wakati mama yake bibi alikuwa ameshavuka kitambo. Kwa neno moja nililolibadilisha nilijifungia njia miaka mingi, mpaka siku moja shangazi yangu alipolitamka tena neno la asili, tumekaa barazani tukichambua mchele.

Sasa itazame reale. Upande mmoja utaona kichwa cha mwanamke mwenye ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili pamoja na mwaka 1780. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na akafariki mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa Bahari ya Hindi walikuwa wameshaizoea sura yake na kuiamini fedha yake, na kwa ajili hiyo sarafu iliendelea kupigwa baada ya kufa kwake bila ya kubadilishwa mwaka, kwanza huko huko katika himaya ya Austria na, katika karne ya 20, hata Roma, London na Bombay. Reale iliyopigwa 1850 husema 1780, na iliyopigwa zaidi ya miaka themanini baadaye nayo husema 1780. Hiyo ya kwenu inathibitisha kwamba mtu wenu alishika fedha iliyokuwa ikitumika Unguja na Pemba katika karne ya 19, na kuhusu mwaka wa kuja kwake haisemi lolote. Hata hivyo usiiweke kando. Igeuze uone kama ina tundu au kama pana alama ya kipete kilichochomelewa ukingoni, kwa sababu reale nyingi ziligeuzwa mapambo ya wanawake, na ikiwa hiyo imetobolewa, basi iliwahi pia kukaa shingoni mwa mtu ambaye hadithi yenu bado haijamtaja.

Kilicho na tarehe ni ule upepo. Tarehe 15 Aprili 1872, siku za Sayyid Barghash, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho na kuvunja vyombo vilivyokuwa vimetia nanga bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba waliopoteza miti yao Unguja wakageukia ardhi ya Pemba, wakavuka na watu wao wa kupanda na kuchuma, na kuanzia hapo Pemba ndiyo iliyokuja kutoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Unaposikia mzee wa Wete akisema "baada ya upepo", bila ya kueleza upepo gani, uwezekano mkubwa ni kwamba anautaja huo.

Msahafu unakubaliana na hayo. Mwaka wa Hijria ukitaka kuugeuza kwa kukisia, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622, nawe utapata 1882 kwa mwaka 1299. Lakini wewe unao na mwezi. Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, na katika 1299 ulianguka baina ya Januari na Februari 1882, miaka kumi hivi baada ya upepo. Kijana aliyevuka mikono mitupu, akafanya kazi, akaoa, akapata mtoto wa kike baada ya miaka kumi, ni habari inayosimama bila ya kulazimishwa. Angalia pia kwamba kwa hesabu yetu siku huanza jua linapotua, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao leo maofisini wangeuita Alhamisi usiku. Nimeona watu wakitafuta tarehe wakaikosa kwa siku moja, kisha wakadhani msahafu umekosea.

Nakuja kwenye khati, na hapa naomba tutembee polepole. Neno "khadim" kwa Kiarabu ni mtumishi, na maalim wako amefasiri sawasawa. Lakini katika khati za visiwa vyetu za karne ya 19, neno hilo linapofuata jina la mtu, na baada yake likaja jina la mtu mwingine, kwa kawaida lilimtambulisha mtumwa au mtu aliyekwisha kuachwa huru, aliyenasibishwa na bwana wake pahala ambapo wengine hunasibishwa na baba. (Tusilichanganye na Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja, ambao ni wenyeji wa huko na habari yao ni nyingine.) Rudi kwa maalim umuulize ni jina gani linalofuata, na ulinukuu kamili pamoja na nisba yake, yaani jina la ukoo au kabila analonasibishwa nalo, kwani jina hilo ndilo mlango wako.

Mwaka 1312 ulianza Julai 1894. Amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitoka tarehe 6 Aprili 1897. Basi kama mtu huyu alinunua shamba kwa jina lake kabla ya amri hiyo, yaelekea alikuwa ameshaachwa huru na bwana wake mwenyewe, ama kwa kutafuta thawabu, ama kwa kafara, ama kwa wasia, kama Waislamu wengi walivyofanya. Na yatazame tena maneno ya bibi. Hakusema "jahazi lake". Alisema "alivuka na jahazi", na akasema "hana kitu". Hadithi ya Maskati huenda nayo si uongo. Huenda ni habari ya mwenye jahazi, kwa sababu walioachwa huru wengi walichukua nisba ya mabwana wao, na baada ya vizazi viwili vitatu wajukuu wakaichukua pamoja na nisba hiyo safari ambayo babu yao hakuisafiri. Nakueleza kinachoelekea, mwanangu. Neno la mwisho litatoka katika karatasi.

Karatasi za kuanzia unazo mkononi. Khati ya shamba hutaja mipaka minne, upande wa kibla shamba la fulani, upande wa mashariki la fulani, na kwetu kibla ni kaskazini. Majirani hao ni mashahidi wako. Andika majina yao yote, pamoja na ya mashahidi wa khati na ya kadhi, kisha uliza mtaani ni ukoo upi leo unaotokana nao, kwani pengine kwao wamehifadhi nusu ya pili ya hadithi yenu. Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, mjini Unguja, ambako zimehifadhiwa hati za Kiarabu za karne ya 19 pamoja na kumbukumbu za watu walioachwa huru, na humo mara nyingi jina la mtu limeandikwa pamoja na kabila lake na jina la bwana wake. Babu yenu huenda asiwemo katika walioachwa kwa amri ya 1897, ikiwa alitangulia kuachwa, lakini mkewe anaweza kuwemo. Kumbuka kwamba amri ile haikuwahusu masuria, ambao kwao mambo yalibadilika kwa sheria ya 1909, kwa hivyo wanawake wa kizazi hicho wanahitaji subira zaidi. Tafuta na upande wa bwana. Katika fiqhi, aliyemwacha mtu huru hubaki na walaa, yaani fungamano baina yake na huyo aliyemwacha, na akifa huyo aliyeachwa bila ya warithi wa nasaba upande wa kiume, bwana au jamaa zake huweza kumrithi. Ndiyo maana watu kama babu yenu hutajwa katika mirathi za watu ambao si damu yao, na anayetafuta jina la ukoo wake peke yake huwapita bila ya kuwaona.

Kuhusu mjomba, usimwone kuwa ni adui wa ukweli. Amelelewa katika wakati ambao neno "khadim" lilitosha kumvunjia mtu posa, naye hadithi ya Maskati ndiyo iliyomsimamisha mbele za watu. Aidha huenda ana hofu nyingine asiyoitaja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na Serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu, na khati ya shamba ikichomoza leo, jirani hudhani kwamba pana anayetaka kudai. Mwendee usiku, nyumbani kwake, umwambie wazi kwamba hudai shamba la mtu, na umsomee khati yote, usiishie kwenye neno moja. Mwambie kwamba mtu huyu alifika Wete hana kitu, na kabla ya serikali yoyote kumtamkia kuwa yu huru, alikuwa amesimama mbele ya kadhi akinunua mikarafuu kumi na saba kwa fedha yake. Mimi ningeomba kuwa mjukuu wa mtu huyo.

Una haki ya kutafuta, kwani ni babu yako. Kutangaza ni jambo jingine, na hilo nakuomba ulicheleweshe mpaka wazee waliobaki waridhike. Usilitoe msibani wala arusini, wala usiandike majina ya walio hai bila ya idhini yao.

SWALI: Sisi, wa Mwembetanga, Unguja, tuna picha ya mtu aliyevaa joho na kilemba, ana jambia kiunoni. Nyumbani husemwa ni babu mkuu, na kwamba alikuwa liwali. Nyuma pana muhuri wa studio, hakuna jina la mtu. Nitajuaje kama ni yeye?

JIBU: Anza na muhuri. Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio mjini Unguja tangu karne ya 19, ndugu wa Coutinho wakaja baadaye, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianzishwa 1930. Ukijua studio, umeshapata mipaka ya miaka, na kama mipaka hiyo ni ya baada ya kufa kwa babu yenu, suala limekwisha.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii. Wapigapicha hao hao walikuwa wakiuza picha za watu na za mitaa kwa wasafiri na kwa mtu yeyote aliyetaka, nyingine zikiwa kadi za posta. Geuza picha yako uone kama nyuma imegawanywa kwa mstari, upande mmoja wa barua na mwingine wa anwani. Ikiwa ndivyo, haimaanishi kuwa si babu yenu, kwa sababu watu walichapishiwa picha zao wenyewe katika karatasi za aina hiyo, lakini inakulazimu kuuliza kama picha ilinunuliwa dukani. Ukiikuta sura hiyo hiyo katika mikusanyo ya kadi za zamani, basi nyumba nyingi zilikuwa nayo.

Joho na jambia havithibitishi uliwali. Liwali aliandikwa, akalipwa, akasaini barua, na jina lake litakuwa katika kumbukumbu za serikali. Tafuta jina kwanza, kisha mwonyeshe picha mzee asiyeijua hadithi yenu, usimwambie unadhani ni nani, umwache atazame mwenyewe.

SWALI: Nina khati mbili za marehemu babu, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Stationari ya hapa Mkoani wanazitia plastiki kwa mashine ya moto. Nizipeleke?

JIBU: Nakusihi usizipeleke. Plastiki ya moto hushikamana na karatasi na wino, na haitoki tena bila ya kuiharibu khati. Selotepu vilevile usiibandike, maana gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Zikunjue taratibu juu ya meza kavu, mikono ikiwa safi na bila ya mafuta, uziache zilale zenyewe chini ya karatasi nyeupe na kitabu kisicho kizito. Ikiwa mkunjo unakataa, uache. Zipige picha kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila ya taa ya simu, mbele na nyuma, kisha picha hizo umpelekee jamaa mwingine azihifadhi, ili zisiwe pahala pamoja na asili. Asili itie katika bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa nailoni hufungia unyevu wa masika ndani, na uiweke juu ya kabati, mbali na ukuta na sakafu, kwa ajili ya mchwa na ya maji. Maelezo yako yaandike kwa penseli juu ya bahasha: khati ni ya nani, umeipata kwa nani, na siku gani. Juu ya khati yenyewe usiandike chochote.